Sekunde Kumi na Moja

Nalifika Buxton saa kumi na mbili unusu,
nikakodi kreti ya soda kwa shilingi ishirini,
kwani Nyamawi mwenye duka aijua biashara yake:
asiye na kreti huona visogo tu.
Daraja la Nyali jeupe, tupu,
kama meza iliyofutwa kabla ya wageni.

Mimi si mtu wa michezo. Ni fundi wa baiskeli.
Lakini katika magurudumu yote yatokayo Kilifi leo
moja, la nyuma, nimelinyosha mimi jana usiku
kwa mwanga wa simu niliyoiuma menoni,
hata nikiligusa spoki kwa ukucha, laitika.

Tukangoja.
Jua likatupanda mabegani.
Spika ya Bwanaheri ikasema wako Kikambala,
ikasema wako Mtwapa, mmoja kapasuka mdomo,
ikakata, ikarudi na tangazo la unga,
ikasema Bombolulu, watu wakasimama,
wakakaa,
wakasimama.

Na mbona tumejazana hapa, kule kuna kivuli?
Niseme kweli. Hapa daraja lina kiungo cha chuma,
na lori la samaki limepita sasa hivi likivuja.
Kila aliyekuja na mtoto mabegani
amekuja na hilo pia, kalificha chini ya ulimi.

Hao! Hao wawaja!
Upepo wenye rangi. Mlio wa kanga mia
zikung'utwazo kwa pamoja.
Nikahesabu, ni mazoea ya spoki:
moja, mbili, tatu… kumi na moja.
Basi.
"Katangulia nani?" akauliza Bi Zeituni.
Wa kijani, akasema mmoja. Wa samawati, mwingine.
Sura ya mshindi, wallahi, siijui hata leo.

Pale kwenye chuma walikuwa wamelala watatu.
Tukapiga ile kelele ya huruma
yenye sukari kidogo ndani yake.
Wawili wakachukuliwa na gari la wagonjwa.
Wa tatu akaketi, akakitazama kiwiko chake
kama barua iliyokosea mlango.
Chengo Randu, wa Mishomoroni,
apelekaye mikate mpaka Maweni kabla ya adhana.
Na gurudumu lake, gurudumu langu,
limepinda kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa.

Akapanda.
Mkono mmoja usukanini, mwingine waning'inia,
rimu yasugua: kwa, kwa, kwa.
"Legeza breki ya nyuma!" nikapiga ukelele,
"Chengo, breki!"
Akalegeza. Ndiyo kazi yangu yote katika mashindano yale.

Na kwa kuwa alikwenda mwendo wa mtu atembeaye,
tukatembea naye.
Tukaiona chumvi mgongoni imechora ramani.
Tukaliona goti, pale ngozi ilipokuwa nyeupe
damu ikijiuliza kama itoke.
Tukamsikia akihesabu, akifika saba akianza upya.
Hakuna aliyepiga kigelegele.
Bi Zeituni alianza kupiga makofi, taratibu,
kofi moja kwa kila pedali,
nasi tukafuata hadi Tononoka.

Uwanjani viti vilikuwa vyapangwa juu ya viti.
Mshindi kapewa bahasha yake, kaondoka.
Lakini sheria ni mizunguko miwili ya saruji,
na kwenye kona saruji ile imeinuka kama ukuta.
Mfagiaji akauondoa ufagio njiani.
Akazunguka. Kwa, kwa, kwa.
Akazunguka tena.

Jumatatu akaja kibandani, mkono umefungwa shingoni,
gurudumu begani kama ungo wa mkwewe.
"Mliniona?"
"Tulikuona," nikamwambia. "Wale wengine
hatukuwaona."
Akacheka, akalishika bega, akaacha kucheka.
"Spoki ngapi?"
"Nne. Na rimu sina hakika."
"Nifanyie haraka. Mikate haijui Jumatatu."